Mistari Kumi na Moja ya Ilona Farr: Wasifu wa Bi. Eunice Tollefsen

Leo Ijumaa, tarehe 28 Juni 1974, saa kumi na moja kamili jioni, Bi. Eunice Tollefsen wa Chumba cha Uhariri Namba 6 amevua glovu zake nyeupe za kushikia mkanda wa sinema na kustaafu, baada ya kuitumikia Studio ya Verdugo kwa miaka arobaini na mmoja, miezi miwili na siku kumi na nane. Hesabu hiyo nimepewa na idara ya utumishi. Mimi shule niliishia darasa la saba kule Fresno, kwa hiyo nimeinakili kama ilivyo.

Wengi mmeuliza kwa nini programu hii imegawiwa saa kumi na moja na dakika moja badala ya mapema kama kawaida. Wachapaji hawakuchelewa. Mwaka 1951 nilimwahidi Bi. Tollefsen kwamba kuna habari moja sitaifungulia mdomo maadamu yeye ni mfanyakazi wa hapa. Dakika moja iliyopita amekoma kuwa mfanyakazi wa hapa. Nimevumilia miaka ishirini na mitatu, na wanaonijua wanajua kwamba mimi kuvumilia dakika ishirini na tatu ni muujiza.

Lakini tuanze na mwanzo, maana wasifu usio na tarehe ya kuzaliwa watu huuona kama umetungwa baa.

Bi. Tollefsen alizaliwa mwaka 1909 karibu na Minot, Dakota Kaskazini, mtoto wa tatu kati ya saba, katika shamba la ngano ambako baridi hugandisha maziwa kabla hayajafika jikoni. Baba yake, Mnorwei mcha Mungu, aliamini sinema ni njia fupi ya kwenda motoni. Eunice akaona heri aende kwenye joto. Alipanda treni mpaka kwa shangazi yake mwenye duka la mikate Glendale, na tarehe 10 Aprili 1933 akaajiriwa hapa kwenye maabara, kuunganisha mikanda. Siku hizo kazi hiyo walipewa wanawake, kwa sababu wakubwa walidhani ni aina ya ushonaji. Hatukuwasahihisha. Wangejua ni kazi gani, wangewapa shemeji zao.

Watu wa idara ya uhasibu, ambao hawajawahi kuona mkanda ila ukiwa tayari ukutani, niwaeleze kwa kifupi. Mhariri ana pipa la kitambaa, juu yake ndoano, na kwenye ndoano vinaning'inia vipande vya mkanda kama tambi zinazokaushwa. Ana mashine yenye kidirisha kidogo kama stempu ya barua, na kanyagio chini. Ana penseli ya nta. Anakanyaga, anatazama, anaweka alama, anakata, anaunganisha. Akimaliza, mwongozaji anapongezwa.

Mkanda una pande mbili, na zikipinduliwa dunia nzima inapinduka: wa kushoto anakuwa wa kulia. Kwa mbali huwezi kuzitofautisha. Hivyo wahariri wana desturi yao, ambayo daktari wa meno wa studio amekuwa akiilalamikia tangu enzi za sinema bubu: unaugusisha mkanda kwenye mdomo. Upande wenye dawa ya picha unanata, ule mwingine haunati. Eunice alifanya hivyo mara elfu kadhaa kwa wiki, haraka, kama mtu anayebusu watoto wengi asiowapenda sana.

Mwaka 1936 alikuwa msaidizi kwenye sinema ya wachunga ng'ombe. Asubuhi moja akaja kazini amepaka rangi ya mdomo, nyekundu ya kutisha, kwa sababu Walter, fundi wetu wa sauti, alikuwa amemwalika chakula cha jioni. Mdomo uliopakwa rangi unanata kwa kila kitu. Siku ile pande zote mbili za mkanda zilinata sawasawa. Matokeo yake, sherifu wetu alichomoa bastola kwa mkono wa kulia, akapiga risasi kwa mkono wa kushoto, na alipoirudisha, nyota yake ilikuwa imehamia upande wa pili wa kifua. Sinema ikaenda nchi nzima hivyo hivyo. Barua ya kulalamika ilikuja moja tu, kutoka kwa mfugaji wa kuku wa Nebraska, naye alidhani ni ufundi mpya.

Eunice aliolewa na Walter, na wakaishi vizuri mpaka alipomzika mwaka 1966. Lakini rangi ya mdomo hakuipaka tena, hata siku ya harusi. Alimwambia mchungaji, "Jumatatu nina kazi." Tangu siku hiyo hadi leo hajapaka.

Alipandishwa kuwa mhariri kamili mwaka 1942. Wanaume walikuwa wamekwenda vitani, na ghafla ikagundulika kwamba Eunice anaijua kazi. Wanaume waliporudi, ikagundulika kwamba wao wameisahau. Sinema alizozihariri ni sitini na nne. Nne ni nzuri sana, ishirini zinatazamika, na zilizobaki alizifupisha, jambo ambalo nalo ni huruma.

Mtindo wake mnaujua nyote mliofundishwa naye. Wahariri wengi humfuata anayesema: huyu akifungua mdomo, tunamwona huyu, yule akijibu, tunamwona yule, kama watu wanaotazama mchezo wa tenisi. Eunice alikuwa anampiga mwanafunzi kidogo begani na penseli ya nta. "Unamtazamia nini huyo? Huyo anajua atakalosema, amelikariri tangu asubuhi. Mtazame anayesikiliza. Yeye ndiye hajui kinachokuja."

Sasa ile habari.

Rais wa studio hii mwaka 1951 alikuwa Bwana Royce Haverkamp, ami yake rais wetu wa sasa. Mungu ampe usingizi mwema, ingawa usingizi hajawahi kuukosa. Alikuwa na chumba chake cha kuonyeshea sinema chenye kiti cha kinyozi katikati. Kila alasiri alilazwa kwenye kiti hicho, akafunikwa uso na taulo la moto, akapakwa povu, akanyolewa, huku sinema tuliyoitolea jasho miezi minane ikipita ukutani mbele yake. "Sinema nzuri," alikuwa anasema kutoka chini ya taulo, "mimi naisikia." Ikiisha alinyoosha mkono, akawekewa kalamu, akatia sahihi. Wafanyakazi wote tulilijua hilo. Watu wa New York wenye kampuni hawakulijua.

Kwenye sherehe yetu ya Krismasi ya mwaka 1950, Bwana Haverkamp aliinama kuchota kinywaji kwenye bakuli kubwa, na wigi lake likatangulia. Lilielea pale katikati ya vipande vya machungwa. Watu mia mbili tulinyamaza kama maiti. Ni Ilona Farr peke yake aliyesema, kwa ile sauti yake iliyofunzwa jukwaani, iliyofika mpaka getini:

"Royce, mbwa wako anazama."

Ilona Farr wakati huo alikuwa na miaka hamsini na miwili, umri ambao mwigizaji mwanaume hupewa mke wa miaka ishirini na mitano, na mwigizaji mwanamke hupewa shali. Mkataba wake na sisi ulikuwa umebakiza sinema moja tu, ya kesi mahakamani, ambayo yeye alikuwa mama wa mshtakiwa. Ilikuwa imeshapigwa yote, ikingoja kuhaririwa. Ikitoka vizuri, mkataba ungefufuliwa. Ikitoka vibaya, hakukuwa na studio mjini hapa itakayompigia simu tena, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Wiki ya pili ya Januari karatasi ya njano ikashuka kutoka ofisi ya rais mpaka Chumba Namba 6. Mimi nilikuwa humo, kichwa ndani ya mashine, nikibadilisha mkanda wa mota.

"Garo," Eunice akasema, "unajua kusoma?"

"Herufi kubwa kubwa."

"Basi soma hii. Mwenyewe anafikiri kwa herufi kubwa."

Ilikuwa imeandikwa: MISTARI YOTE YA BIBI FARR ITOLEWE. YOTE. R.H. Nilihesabu kwenye mswada. Alikuwa na mistari kumi na moja, yaani mara kumi na moja tu anafungua kinywa, lakini ndiyo iliyokuwa roho ya mama yule.

"Mama wa mshtakiwa asiyesema kitu," nikasema. "Si bora wamtoe kabisa, wamweke chungu cha maua?"

Eunice hakucheka. Aliikunja ile karatasi ndogo ndogo, akaikunjua tena. "Nikikataa, atampa mwingine afanye, naye atamtoa mpaka kivuli. Nikikubali, nimemzika kwa mikono yangu." Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Yule mtu huwa anaitazama sinema saa ngapi?"

"Nani, Haverkamp? Haitazami. Ananyolewa."

Akaitia ile karatasi kwenye mkoba wake. "Kweli," akasema. "Ananyolewa."

Akakata mistari yote kumi na moja, kama alivyoamriwa. Kisha akalipindua pipa la mabaki sakafuni, akapiga magoti katikati yake, na kuanza kuokota vitu ambavyo mhariri mwingine angevitia kwenye gari la taka. Vipande ambavyo kamera ilikuwa imemwelekea Ilona wakati wengine wanahutubia. Vipande vya kabla mwongozaji hajasema anza. Vipande vya baada ya kusema kata, pale mpiga picha anapochelewa kidogo kuzima kwa sababu anapiga chafya. Alivitafuta wiki tatu, akiishi kwa sandwichi za samaki wa chumvi ambazo harufu yake bado imo ukutani humo. Kila palipokuwa na sauti ya Ilona, sasa paliwekwa uso wake ukisikiliza.

Mimi nilimwambia wazi. "Eunice, yule akija kujua umemwongeza badala ya kumpunguza, hakuna studio itakayokuruhusu hata kufagia."

"Nitarudi Dakota nikakamue ng'ombe."

"Unawachukia ng'ombe."

"Nyamaza ufunge skrubu."

Mjini hapa siri ya aina hiyo haikai siku tatu bila kupoteza nusu yake, na nusu iliyomfikia Ilona Farr ilikuwa ile mbaya: kwamba Eunice Tollefsen amekata mistari yake yote. Akaingia Chumba Namba 6 bila kubisha, koti la manyoya mabegani na joto la Februari la bonde hili likimchemsha ndani yake.

"Mchinjaji mkubwa wewe! Nimekukosea nini?"

"Funga mlango, Ilona."

"Sifungi! Waache wasikie! Miaka ishirini na minane ninaifanya kazi hii, wewe unanikata ulimi kama ng'ombe wa buchani!"

"Garo, funga mlango."

Nikaufunga. Nikabaki upande wa ndani, kwa kuwa skrubu nilizoshika zilikuwa za mashine ile, na kwa kuwa nisingelikosa jambo lile hata kwa kupandishwa cheo.

"Kaa hapa," Eunice akamwambia, akimwonyesha kiti mbele ya kidirisha.

"Sikai kwenye kiti chako."

"Basi simama. Lakini uiname, kidirisha chenyewe kidogo."

Ilona akainama na koti lake, na Eunice akakanyaga. Ilikuwa ni pale mwendesha mashtaka anapoeleza jinsi kijana alivyomuua mwenzake. Anaeleza vizuri, ana sauti nzuri, lakini humwoni. Unamwona mama. Ana glovu zenye kifungo kwenye kifundo cha mkono. Anakifungua kifungo. Anakifunga. Mwendesha mashtaka anataja kisu, na mama anakifungua tena, kisha hakifungi. Basi. Ni hivyo tu. Mimi nilikuwa nimekiona kipande kile mara nane nikitengeneza kanyagio, na mara zote nane niliacha kanyagio nikakitazama mpaka mwisho.

Ilona akasema polepole, "Rudisha."

Eunice akarudisha. Wakatazama tena.

"Pale sikuwa naigiza."

"Najua."

"Viatu vilikuwa vinanibana, Eunice. Nilikuwa namngojea yule mpumbavu wa mwongozaji aseme tumemaliza nivivue."

"Najua. Vilikuuma na hukutaka watu wajue. Sasa mama yule pale mahakamani anafanya nini kingine?"

Ilona akakaa kwenye kiti alichokikataa. Akaanza kucheka, na katikati ya kucheka machozi yakamtoka, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, kama wanavyofanya watu waliozoea kuletewa vitu. Nikampa nilichokuwa nacho. Kilikuwa kitambaa cha kufutia mashine, na alitoka humo na mstari wa grisi chini ya jicho la kulia, akizidi kupendeza.

"Royce akijua?" akauliza.

"Atanifukuza."

"Halafu mimi?"

"Wewe atakuwa ameshachelewa. Watu watakuwa wameshakuona."

"Kwa nini unajitia kwenye moto huu kwa ajili yangu?"

"Usijipe sifa," Eunice akasema. "Sinema ni nzuri zaidi hivi."

Bwana Haverkamp aliipitisha sinema ile mara mbili, tarehe 6 na tarehe 13 Machi, chini ya taulo. Mara ya pili nilikuwa chini ya meza nikitengeneza spika, na nilimsikia mwenyewe. Alitega sikio toka mwanzo hadi mwisho, na sauti ya Ilona Farr haikutokea hata mara moja. "Safi," akasema kutoka ndani ya povu. "Mmemsikia? Hayumo!" Kinyozi wake alikuwa amesimama na wembe hewani dakika kumi nzima akiwa amesahau kunyoa, macho yamemganda ukutani. Sahihi ikatiwa.

Kisha tukaenda Pomona. Mnajua desturi yetu: unachukua ukumbi wa mji mdogo, watu wamekuja kutazama sinema nyingine, unawawekea yako bila kuwatangazia, na wakitoka wanajaza kadi za maoni kwa penseli fupi. Kadi za Pomona zimefukuza watu wengi kazi kuliko ulevi. Alhamisi ile walikuwepo waandishi wawili wa magazeti, na wazee watatu wa New York wenye kampuni. Na Bwana Haverkamp akakaa katikati yao, akiwa macho, kwa sababu Pomona hakuna anayemnyoa mtu ukumbini.

Hapo ndipo alipoitazama sinema yake kwa mara ya kwanza.

Nilikaa nyuma yake. Nilimwona akijiinua kitini kidogo uso wa Ilona ulipotokea. Ulipotokea mara ya tano alikuwa amekishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Lakini asingeweza kusema kitu, maana watu wote mle ndani walikuwa kimya, ule ukimya ambao mtu hata bisi haitafuni, anaishikilia mdomoni mpaka ilainike. Hukumu ilipokuwa ikisomwa, Eunice hakumwonyesha hakimu kabisa. Sauti tu, na mama. Na kile kifungo. Mkulima mmoja mkubwa kando yangu, shingo nyekundu kama tofali, alisema peke yake kwa sauti ya chini, "Jamani, mshikeni mkono." Alikuwa anaiambia sinema.

Eunice hakukaa. Alisimama kando ya mlango muda wote, mkoba kifuani. Hakuitazama sinema. Alikuwa anawatazama watu wakisikiliza.

Kule nje kwenye ukumbi wa kuingilia, Bwana Haverkamp alimfikia kabla mtu mwingine hajatoka. Uso wake ulikuwa rangi ya nyama.

"Wewe mwanamke! Nilikwambia nini? Wiki hii hii unafungasha!"

"Uliipitisha, bwana."

"Mimi? Mimi nipitishe huu uchafu?"

"Mara mbili. Tarehe sita na tarehe kumi na tatu. Sahihi ninazo humu." Akaupigapiga mkoba. "Ukinifukuza, nitawaonyesha wazee wa New York wakiniuliza ni kwa nini. Halafu watakuuliza na wewe ulikuwa unatazama nini."

Milango ikafunguka, na watu wakaanza kumiminika kwenye meza ya kadi. Wazee wa New York walikuja moja kwa moja. Mkubwa wao, mwenye sigara isiyowashwa, alikuwa akijifuta macho kwa kofia yake.

"Royce," akasema, "hili la mama asiyesema hata neno moja. Limetoka kwa nani?"

Nilimwona Bwana Haverkamp akiitazama meza ya kadi, ambako watu walikuwa wanaandika wamepanga foleni. Akamtazama Eunice. Akautazama mkoba.

"Kwangu," akasema.

"Ni kweli kabisa," Eunice akasema kwa heshima. "Wazo lilikuwa lake. Karatasi ya njano ninayo, ameiandika kwa mkono wake: mistari yote ya Bibi Farr itolewe. Yote."

Yule mzee akamshika Bwana Haverkamp bega na kulitikisa. "Mtu mwenye jicho," akasema.

Kadi zilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Mia moja arobaini na tatu zilimtaja mama. Jina hawakulijua, waliandika *yule mama*, *mama wa kijana*, *bibi wa glovu*. Moja ilisema tu, *Nimekwenda kumpigia simu mama yangu.* Mkataba wa Ilona Farr ulifufuliwa kabla mwezi haujaisha. Alifanya kazi hapa miaka kumi na mmoja zaidi, katika sinema tisa, na katika zote tisa alisema mpaka tukachoka. Bwana Haverkamp aliwaeleza waandishi wa magazeti, mwaka hadi mwaka, jinsi alivyoamka asubuhi moja na wazo la kumnyamazisha. Eunice alisoma habari hizo akila sandwichi yake.

Nilimwuliza kwa nini anataka tufunge midomo. Watu wangemheshimu, angepandishwa cheo, jina lake lingeandikwa kubwa.

"Garo, tumia akili. Tukisema, ataanza kutazama sinema."

Sikuwa nimefikiria hivyo. Alikuwa amesema kweli. Bwana Haverkamp aliendelea kunyolewa kwa amani mpaka alipostaafu mwaka 1963, na sinema kumi na saba nzuri zilipita chini ya taulo lile bila kuguswa. Baadhi yenu mmepata tuzo na nyumba kwa ajili ya hizo. Sasa mnajua wa kumshukuru.

Chumba Namba 6 anakichukua Bi. Ruth Imada, aliyefundishwa na Eunice kwa miaka tisa na ana alama za penseli ya nta begani kuthibitisha. Tuna matumaini makubwa naye. Wiki iliyopita nilipita pale nikamkuta amepiga magoti katikati ya mabaki, pipa limepinduliwa, anaokota. Sikuuliza anatafuta nini. Nilikwenda zangu nikiwa na furaha.

Eunice anahamia Morro Bay kwa dada yake, kwenye nyumba inayotazama bahari. Anasema hatakwenda sinema, kwa kuwa hawezi kukaa kwenye kiti bila kutafuta kanyagio kwa mguu. Simwamini. Zawadi yetu sisi wa karakana na vyumba vya uhariri imo ndani ya kisanduku kidogo mno kwa saa ya ukutani, ambayo alitukataza kumpa. Ni rangi ya mdomo. Nyekundu, ya kutisha, tumeitafuta maduka sita mpaka ikafanana. Jumatatu huna kazi, Eunice. Paka.

Ratiba ya jioni hii inasema kwamba rais wetu, Bwana Dwight Haverkamp, ambaye nywele zake ni zake kwa kadiri tujuavyo, atatoa hotuba ya dakika ishirini. Ni mtu mzuri na anatazama sinema kwa macho mawili. Lakini nawaomba, na ndilo ombi langu pekee, msimtazame yeye. Yeye anajua atakalosema. Mtazameni Eunice, safu ya mbele, mikono yake isiyo na glovu.

Na kiti cha kulia kwake kimewekewa maua, ni cha mgeni. Tulimwandikia Bibi Ilona Farr, ana miaka sabini na mitano sasa, anaishi kwenye makao ya waigizaji wastaafu hapo Woodland Hills. Tulimwomba aje azungumze machache juu ya rafiki yake. Jibu lake lilikuja Jumanne, nimelibandika karakana. Anasema atakuja kwa gari, avae glovu zake, akae karibu na Eunice kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kwamba hatasema hata neno moja.

Asante kwa sinema sitini na nne, Eunice, na kwa mama wa yule kijana. Tunakuombea miaka mirefu ya afya, bahari tulivu asubuhi, majirani wasiopiga kelele, na viatu visivyobana.

Garo Tashjian
Fundi wa mashine, Karakana Namba 2